Milisekunde Kati ya Kidole na Ngoma

Gonga pedi ya mashine ya ngoma na kiki, yaani ngoma ya besi, inalia papo hapo. Gonga kitufe cha kompyuta, nayo mara nyingine inalia kana kwamba mpigaji yuko chumba cha pili. Maprodyuza chipukizi wengi hapo huilaumu mikono yao. Mikono haina kosa.

Kompyuta hukokotoa sauti kwa sampuli, vipande vidogo mno, kwa kawaida 44,100 kila sekunde. Kwa kuwa ina kazi nyingine chungu nzima, haipeleki sampuli mojamoja kwenye kadi ya sauti. Huzifunga kwanza katika mafungu. Fungu likiwa la sampuli 1,024, sauti hungoja takriban milisekunde 23. Hewani sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kuisikiliza ngoma iliyo mita 8 kutoka ulipo. Fungu likishuka hadi sampuli 128, kungoja ni milisekunde 3 tu: mita moja, ule umbali wa mpiga ngoma na ngoma yake.

Je, milisekunde 23 ni kitu? Chukua muziki wa singeli wa Dar es Salaam, unaopita mapigo 200 kwa dakika. Kwa mapigo 240, pigo moja lina milisekunde 250, na robo yake ni 62 na ushei. Ukichelewa 23 umekula zaidi ya theluthi ya robo hiyo. Lakini hili linamhusu anayepiga kwa vidole. Anayepanga biti kwa kipanya halimgusi, maana programu huweka kila pigo mahali pake yenyewe.

Mashine nayo ina siri yake. Ndani ya mashine ya TR-808, iliyotolewa na Roland ya Japani mwaka 1980, hamna ngoma iliyorekodiwa hata moja. Kiki yake ni saketi inayopigwa mshtuko mfupi wa umeme, ikatetema, kisha ikafifia, kama kengele inavyoendelea kulia baada ya kugongwa. Vipuri vya saketi havilingani sawasawa, ndiyo maana 808 mbili zinaweza kutofautiana kidogo kwa mlio. Mwaka huohuo Roger Linn wa Marekani alishika njia nyingine: mashine yake ya LM-1 ilihifadhi sauti za ngoma halisi, ikauzwa karibu dola 5,000. Humo aliweka pia uwezo wa kuchelewesha kidogo kila noti ya pili, ili biti iyumbe kama mchezaji badala ya kutembea kama askari wa gwaride.

Ona basi: kuchelewa kulekule kunakomkera mpigaji, kukipangwa, ndiko kunakoleta raha ya kucheza. Leo programu zina uwezo huo, na sauti ya 808 zinayo, ama kama rekodi ama kwa hesabu zinazoiga saketi. Kwa mlio pekee, sioni sababu ya kujinyima ili ununue mashine. Sababu ni jukwaa. Mashine ina kazi moja, haisimami katikati ya wimbo kutafuta masasisho, na kila kitufe kina mahali pake, kwa hiyo vidole hukariri hata gizani. Anayepiga mbele ya watu kila wiki, mashine inamfaa.

Wewe unayeanza, anza na kompyuta uliyonayo. Hydrogen ni programu ya ngoma isiyolipiwa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, shusha fungu hadi sampuli 128. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Na uvae hedifoni za waya, kwa sababu zile za Bluetooth zenyewe huongeza kuchelewa kwingine, na hakuna mpangilio wa programu utakaofuta kuchelewa huko.