Ukusanyaji wa Data za Eksirei Kutoka kwa Fuwele za Protini: Mfano wa Albumini

Lwiro, kaskazini ya Bukavu katika Kivu ya Kusini, inajulikana na wanasayansi tangu mwaka 1947, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, ambayo baadaye ikawa CRSN. Miongoni mwa kazi zilizoipatia Lwiro jina ni uchunguzi wa utapiamlo wa watoto, hasa kwashiakoo. Hospitalini hapo watafiti walipima albumini katika damu ya watoto, kwa kuwa kiasi chake kilisaidia kubashiri ni mgonjwa yupi aliye hatarini zaidi. Mtu mwenye afya huwa na gramu zipatazo 35 hadi 50 za albumini katika kila lita ya majimaji ya damu; mtoto mwenye kwashiakoo kali aweza kushuka chini ya gramu 20.

Kipimo hicho husema albumini ni kiasi gani. Hakisemi ina umbo gani, wala inabebaje asidi za mafuta na dawa tunazomeza. Maswali hayo yalianza kujibiwa mbali sana na Lwiro, mwaka 1992, Xiao Min He na Daniel Carter, wakifanya kazi Huntsville nchini Marekani, walipochapisha umbo la albumini ya binadamu lililopatikana kwa eksirei. Makala haya yanakusudia kueleza hatua moja tu ya njia waliyoitumia, yaani ukusanyaji wa data. Tumeichagua kwa sababu ndiyo jaribio la mwisho. Kila kinachofuata ni hesabu, na hesabu iliyokosewa hurudiwa hata mara mia. Fuwele iliyoharibika hairudi.

Kwa nini fuwele? Molekuli moja ya protini hurudisha eksirei hafifu mno, isiyoweza kupimwa kwa vyombo vya kawaida. Katika fuwele, molekuli nyingi zimejipanga kwa safu, zote zikielekea upande uleule, hivyo mawimbi yanayotoka kwao huimarishana katika pande fulani na kufutana katika pande nyingine. Kipokezi kilichowekwa nyuma ya fuwele huonyesha nukta. Tukio hili tutaliita difraksheni. Wako watakaopendelea neno mtawanyiko, lakini mwanga hutawanyika hata katika ukungu wa asubuhi ziwani Kivu bila kujipanga kwa nukta, na kujipanga huko ndiko kunakotuhusu hapa.

Mahali pa nukta hueleza vipimo vya kisanduku kinachojirudia ndani ya fuwele. Ukali wa nukta hueleza kilichomo ndani yake. Nukta zilizo mbali na kitovu hubeba habari za undani zaidi. He na Carter walifikia angstromu 2.8 (angstromu ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni kumi). Kwa kiwango hicho mnyororo wa protini huonekana ulivyojikunja, lakini atomi mojamoja hazitenganiki.

Fuwele ya protini si kama ya chumvi. Aghalabu nusu yake ni maji, nayo husambaratika ikikauka. Mwaka 1934 huko Cambridge, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, mzaliwa wa Kairo, waliiacha fuwele ya pepsini ndani ya majimaji yake, katika mrija wa kioo, ndipo ikatoa nukta zilizo wazi. Fuwele kavu haikuwa na la kusema.

Adui wa pili ni eksirei yenyewe. Mionzi ileile inayotuletea habari huvunja viunganishi vya kikemia na kuzaa chembe kali zinazosambaa ndani ya maji ya fuwele. Ili kuchelewesha madhara hayo, fuwele huchotwa kwa kitanzi chembamba cha nailoni, hutumbukizwa katika nitrojeni kioevu, kisha hupimwa kwenye nyuzi zipatazo 100 za Kelvin, yaani karibu 173 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kabla ya hapo hapana budi kuongeza kitu kama gliseroli, la sivyo maji yatakuwa barafu na kuchora miviringo mieusi juu ya nukta tunazozitaka. Hata baridi hiyo haizuii uharibifu, huupunguza tu. Mwaka 2006 Robin Owen, Enrique Rudiño-Piñera na Elspeth Garman walipendekeza kwamba fuwele iliyogandishwa isipewe zaidi ya grei milioni 30.

Hapa albumini inatufundisha jambo. Molekuli yake ina amino asidi 585, na imeshikizwa na madaraja 17 ya salfa. Madaraja ya namna hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazovunjika mapema zaidi chini ya eksirei, pengine kabla mtafiti hajaona nukta zikififia. Asiyejihadhari ataona daraja lililokatika, aandike kwamba ndivyo protini ilivyo, kumbe ni yeye aliyelikata.

Kwa hiyo kiasi cha mionzi ambacho fuwele inaweza kustahimili ni kama masurufu ya msafiri: yanatosha safari nzima ikiwa tu yamegawanywa kabla ya kuondoka. Mtafiti hupiga kwanza picha mbili hafifu, baina yake akiizungusha fuwele nyuzi 90, ili atambue vipimo vya kisanduku na ulinganifu wake. Ulinganifu huamua mzunguko unaohitajika. Fuwele yenye ulinganifu mdogo kabisa hudai nyuzi 180. Yenye ulinganifu mkubwa yaweza kutosheka na 90 au pungufu. Kosa la kale, ambalo wanafunzi bado hulirudia, ni kupiga picha za kwanza kwa muda mrefu ili kuzifikia nukta za mbali. Fuwele hufa mzunguko haujafika nusu. Isitoshe, nukta kali za karibu na kitovu hukizidi kipokezi nguvu na kupotea. Hasara hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana nukta hizo chache ndizo zinazobeba umbo la jumla la molekuli. Vipokezi vinavyohesabu fotoni mojamoja, vilivyoenea baada ya mwaka 2007, vimewezesha utaratibu bora: miale dhaifu, vipande vyembamba vya nyuzi 0.1, na mzunguko kamili wa nyuzi 360.

Kuhusu takwimu za ubora tutasema machache. Kwa miaka mingi watu walizitupa nukta dhaifu ili tarakimu ya kutolingana kwa vipimo ionekane ndogo. Mwaka 2012 Andrew Karplus na Kay Diederichs walionyesha kwamba nukta hizo zilikuwa na habari ya kweli, na kwamba ni afadhali kuzigawa data katika nusu mbili na kupima uhusiano wake.

Afrika bado haina sinkrotroni, mtambo utoao eksirei kali sana zinazotumika katika kazi hii. Ule wa SESAME, uliozinduliwa mwaka 2017, uko Yordani. Kati ya 2018 na 2021 mradi wa START, uliohusisha sinkrotroni ya Diamond ya Uingereza, uliwafungulia njia watafiti kadhaa wa Kiafrika. Fuwele zilizogandishwa husafirishwa katika chombo kilichofyonza nitrojeni, na mwenye nazo anaweza kuongoza upimaji kwa intaneti akiwa kwao. Chombo hicho hushika baridi kwa siku kadhaa, si zaidi ya hapo, na barabara, mpaka na uwanja wa ndege vyote hula siku hizo. Atakayetuma fuwele kutoka mahali kama Lwiro asitume moja. Atume kadhaa za tone lilelile, zilizogandishwa kwa viwango tofauti vya gliseroli, na aandike kila kitanzi kina nini. Nyingine azibakize katika majimaji yake, bila kugandishwa. Zilizosafiri zikitoa nukta zilizopakaa, moja ya zile zilizobaki ipimwe ikiwa na maji yake kwenye mashine ndogo ya eksirei iliyo karibu: nukta zikiwa safi, kosa lilikuwa katika kugandisha, na tone hilo halifai kumwagwa.