Sura ya 5: Unga na Pumzi

Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mgonjwa mwenye maumivu makali hupewa mofini ya kunywa. Anapimiwa kiasi chake, anakirudia kila baada ya saa chache, na wapo wanaoinywa kwa miezi. Haiwaui. Inawapa nafasi ya kula, kulala na kuzungumza na wanao. Katika jiji hilohilo, kijana aliyejidunga unga nyuma ya ukuta wa gofu huenda akaacha kupumua kabla hajachomoa sindano. Na heroini aliyojidunga, ikishaingia mwilini, haichukui muda kugeuka kuwa mofini ileile.

Ukiuliza kwa nini mmoja anaishi na mwingine anakufa, wengi watakujibu kwamba unga ni sumu. Jibu hilo linatosha kwenye bango la ukutani. Halimsaidii mama ambaye mwanawe ameshaanza, wala halimsaidii kijana mwenyewe, ambaye ameona wenzake wakivuta miaka kumi na bado wapo. Mgonjwa wa Ocean Road anajua kipimo chake. Dawa inapita kinywani. Hajifichi, na pembeni yake yupo mtu. Kijana wa kwenye gofu amekosa yote manne, na sehemu kubwa ya madhara ya unga inatokana na kukosekana huko.

Heroini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1874, na kuanzia 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kama dawa ya kikohozi. Tukiitazama leo tunacheka, lakini kikohozi kweli kilikuwa kinatulia. Kikohozi na pumzi huongozwa na sehemu zilizo jirani katika shina la ubongo, na dawa ya jamii ya mofini hailazi mmoja ikamwacha mwenzake macho. Kwa kawaida, hewa chafu ya kabonidayoksaidi ikiongezeka kwenye damu, ubongo hushtuka na kuamuru pafu livute hewa, hata ukiwa usingizini fofofo. Heroini hulizima lile shtuko. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Unga ukizidi, pumzi hushuka hadi nane, hadi nne, na anayekufa hahisi kukabwa. Ndiyo maana hapigi kelele.

Nje ya pumzi, heroini halisi si mharibifu mkubwa wa viungo. Husinyaza mboni za macho, huleta mwasho na kufunga choo hadi mtu akasahau mara ya mwisho aliyoenda haja kubwa. Kwa wanawake hedhi huvurugika, na wengi hudhani hawawezi kushika mimba hadi waipate. Lakini ini haliozi kwa sababu yake kama linavyooza kwa pombe. Hata ile arosto, mateso ya kukosa, inayomfanya mtu atokwe kamasi na machozi, aharishe, asisimke vinyweleo na kusikia mifupa ikisagika, ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, mradi anapata maji ya kutosha. Mlevi wa miaka mingi akiachishwa pombe ghafla anaweza kupatwa na degedege na kufa. Watu ni wazito kuliamini hili, kwa kuwa pombe ina leseni na unga una jela.

Turudi kwenye njia, yaani jinsi unga unavyoingia mwilini. Kufikia miaka ya 1980 unga ulikuwa umeshaingia miji ya pwani: Mombasa, Malindi, Unguja, Dar es Salaam. Ulitoka Afghanistan, ukapakiwa majahazini kwenye pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ukateremka na Bahari ya Hindi ileile iliyotuletea tende na mazulia. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Aprili 2014, pale manowari ya Australia HMAS Darwin ilipokamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Lakini mzigo mkubwa si habari kubwa kwa mtumiaji. Kilichobadili maisha yake ni rangi.

Unga wa mwanzo ulikuwa wa kahawia, ule wa kuvutwa. Ulifukizwa juu ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au ulichanganywa na bangi ukasokotwa kuwa kokteli. Kwenye maji hauyeyuki hivihivi, mpaka utiwe tindikali kama ya ndimu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 unga mweupe ulienea, na huo huyeyuka kwa urahisi. Katika miaka michache tu, watu waliokuwa wakivuta walishika bomba la sindano, na sababu yao kubwa ilikuwa ya kiuchumi: kete moja, kile kipakiti kidogo cha unga, ikidungwa haipotezi moshi hewani.

Tofauti ya kuvuta na kudunga haiko kwenye ukali peke yake. Anayevuta anapewa onyo na mwili wake. Akianza kusinzia, kokteli inamdondoka mkononi, na dozi inakomea hapo. Sindano inamaliza kazi kabla kope hazijashuka. Ukishasukuma, umeshasukuma. Kwa hiyo mtu anayerudi kutoka kwenye sindano hadi kwenye kokteli hajaacha unga, lakini amepiga hatua, na mhudumu anayemdharau kwa kusema "bado ni teja tu" anampoteza bure.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na wanawake wanaojidunga Dar es Salaam, miongoni mwao Sheryl McCurdy, waliripoti jambo lililoshangaza wataalamu wa afya duniani. Mwanamke alijidunga, kisha akavuta damu yake ikajaa kwenye bomba, akampa mwenzake ambaye hakuwa na hela ya kete, naye akajidunga ile damu. Imani ilikuwa kwamba ndani yake umebaki unga wa kutosha kuzuia arosto.

Haukubaki. Heroini ikiingia mshipani hufagiliwa na damu hadi moyoni na mapafuni kwa sekunde chache, ikachanganyika na damu yote ya mwili, kama lita tano kwa mtu mzima. Bomba la mililita chache linarudisha chembe isiyoweza kumtuliza mtu. Linachorudisha kikamilifu ni virusi. Makadirio yanayotumika sana yanasema kuchangia sindano na mtu mwenye Virusi vya UKIMWI huambukiza mara 63 katika kila mara 10,000, wakati kuongezewa damu yenye virusi huambukiza zaidi ya mara 9,000 kwa idadi hiyohiyo. Aliyepokea damu ya rafiki yake alikuwa ametoka kwenye hesabu ya kwanza akielekea ya pili.

Ni rahisi kuwaita wanawake hao wajinga. Mimi naona kitu kingine: walikuwa wanasaidiana. Mwenye kidogo alimpa asiye na kitu, asimwache agaegae. Elimu iliyowafaa haikuwa ya kuwatisha na UKIMWI, ambao waliujua. Iliyowafaa ni ya kuwaambia kwamba zawadi yenyewe ni tupu, haina unga ndani. Ukimwondolea mtu sababu ya kufanya jambo, huna haja ya kumgombeza.

Damu husafiri pia kwa njia zisizoonekana. Watu wawili wenye sindano mpya kila mmoja, wakichota kwenye kijiko kimoja, wakachuja kwa pamba moja na kusuuza kwa kikombe kimoja cha maji, wanaweza kupeana homa ya ini aina ya C, ambayo virusi vyake hukaa hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo sindano safi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kijiko, pamba na maji. Nchini Kenya, makadirio ya mwanzoni mwa muongo uliopita yaliweka maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga kwenye asilimia 18 hivi, kama mara tatu ya watu wazima kwa jumla.

VVU huua polepole. Kuzidisha dozi kunaua alasiri moja, na mara nyingi kisa si kete kubwa. Ni mchanganyiko. Pombe, valiamu, au Rohypnol ambayo vijana wa Mombasa huiita bugizi, zote hutuliza ubongo kwa mlango wao, na zikikutana na heroini hazijumlishani tu, zinasaidiana kuizima pumzi. Kiasi ambacho jana hakikumfanya chochote, leo juu ya chupa mbili za konyagi kinamlaza moja kwa moja. Sababu ya pili ni kwamba kete haina lebo. Muuzaji huchanganya anachojua yeye, na anayenunua kwa mtu mgeni hana namna ya kupima isipokuwa kuanza na kidogo na kusubiri.

Sababu ya tatu ndiyo ningependa kila familia iijue. Mwili unaozoea unga hujenga usugu: kipimo kinachomtosha mzoefu kinaweza kumuua anayeanza. Usugu huo hujengwa kwa miezi na kubomoka kwa wiki. Kijana akikaa gerezani, au miezi kadhaa kwenye nyumba ya upataji nafuu kama zile zilizoenea Unguja na Dar es Salaam, anatoka akiwa na kumbukumbu ya dozi ya zamani ndani ya mwili mpya. Akiteleza, anateleza kwa kipimo kilekile. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo za hatari kuliko zote. Familia inafanya sherehe, inachinja kuku, na inaona haya kutamka neno unga mbele ya mgeni wa heshima. Ingefaa mtu mmoja, kaka au mjomba, amvute pembeni amwambie waziwazi: mwili wako si ule, ukishindwa, usitumie peke yako, na usitumie kama zamani.

Aliyezidisha hutambulika. Ukimwita haitiki, ukimsugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi hashtuki. Mboni ni ndogo kama ncha ya pini. Pumzi ni chache, au anakoroma mkoromo mzito wenye kukwama, na hapo ndipo wengi hufa, kwa kuwa walio jirani husema "mwacheni alale". Kwa ngozi nyeusi usitafute weupe usoni. Tazama ndani ya midomo, kucha na vitanga vya mikono, zimegeuka kijivu au samawati. Kumwagia maji hakumwamshi. Maziwa, dawa yetu ya kila sumu, ni hatari kabisa kwa asiyejitambua: yanaingia mapafuni. Kinachohitajika ni hewa. Mwinue kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano, huku mwingine akitafuta bajaji au gari la kumpeleka hospitali. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, matapishi yasimkabe.

Hospitalini ipo naloksoni, ambayo huiondoa heroini pale ilipokaa kwenye ubongo na kumrudisha mtu kwa dakika chache. Anaweza kuamka na arosto kali na matusi, akataka kuondoka. Asiachwe. Naloksoni hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na unga ulio mwilini unaweza kuishinda muda. Mtu aliyeamka akazungumza anaweza kuzimika tena njiani kwenda nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba dawa hii ifike mikononi mwa watu wanaoweza kushuhudia tukio lenyewe, yaani marafiki na ndugu. Naafiki. Anayekuwepo maskani saa hiyo ni teja mwenzake, daktari hayupo.

Tanzania ilichukua hatua nyingine mapema kuliko majirani. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye Mwananyamala, Temeke, Unguja na mikoa mingine ikafuata. Kenya nayo ikafungua kliniki zake, zikiwemo za Mathari na Malindi. Methadoni ni ya jamii ya mofini, na wakosoaji wanasema kweli wanapodai kwamba ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Wanachoruka ni kile kinachobadilika pamoja nao. Heroini inamshika mtu saa chache, hivyo siku yake nzima ni kutafuta: kuiba, kuuza mwili, kukimbia polisi, kudunga haraka kwa sindano iliyo karibu. Methadoni hunywewa mara moja, mbele ya muuguzi, na hutosha siku nzima. Kipimo kinajulikana, njia ni kinywa, hakuna kujificha, na mtu yupo. Yale manne ya Ocean Road yamerudi.

Haina miujiza. Dozi ya mwanzo huwa ndogo na hupandishwa taratibu, kwa kuwa methadoni hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa; anayeona haimtoshi akaongezea kete na bia katika wiki hizo za kwanza anacheza na pumzi yake. Na kuna nauli. Dozi hutolewa kila siku, na mtu asiye na kazi anayeishi mbali na kliniki hutembea, au hukosa. Aliyekosa siku tatu au zaidi mara nyingi huogopa kusema, asije akaonekana mzembe, hupanga foleni akitaka chupa yake ya kawaida. Aseme. Usugu wake umeanza kushuka, na dozi iliyomfaa wiki iliyopita huenda leo ikawa kubwa kuliko mwili wake. Muuguzi ataipunguza na kuipandisha upya, kazi ya siku chache.