Picha za ubongo zinavyofichua maradhi ya kusahau mapema

MZEE aliyeishi mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, kwa miongo kadhaa akianza kupotea njia ya kutoka dukani hadi nyumbani, majirani husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi.

Minong'ono kama hiyo ni hatari. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati katika Kaunti ya Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi.

Ilhali kuzurura usiku, kusahau majina ya watoto na kuzungumza peke yako huweza kusababishwa na maradhi yanayoua seli za ubongo polepole. Yanayojulikana zaidi ni Alzheimer, yaliyoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mnamo 1906. Enzi hizo, ugonjwa ungethibitishwa tu baada ya mgonjwa kufariki na ubongo wake kupasuliwa.

Leo mashine huuchungulia ubongo wa mtu aliye hai. CT hutumia eksirei, nayo MRI hutumia sumaku yenye nguvu. MRI huonyesha iwapo hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, imeanza kusinyaa.

Mashine ya PET huenda mbali zaidi. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa chembe zinazotoa mnururisho, kisha mashine hufuatilia inakokwenda. Sehemu ya ubongo inayodhoofika hula sukari kidogo kuliko kawaida, hata kabla haijasinyaa.

Isitoshe, mnamo 2004 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, na Uppsala, Uswidi, walichapisha picha za utando wa protini iitwayo amiloidi katika wagonjwa walio hai. Amiloidi huweza kuanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili kujitokeza.

Jijini Nairobi, PET inapatikana katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya mafunzo, rufaa na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, japo hutumika zaidi kuchunguza saratani. Sukari hiyo maalumu haiwezi kuwekwa ghalani, kwani nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa.

Hata hivyo, picha si hukumu. Wapo wazee wenye amiloidi ambao hufariki wakiwa na akili timamu. Kwa sababu hiyo, madaktari hawamshauri mtu asiye na dalili kukimbilia mashine.

Hatua ya kwanza ni maelezo ya jamaa anayeishi na mgonjwa, jaribio la kumbukumbu na kupimwa damu, kwani upungufu wa vitamini B12 pia huleta usahaulifu.

CT na MRI zina manufaa mengine makubwa: hugundua yanayotibika, kama vile damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya mzee kuanguka, uvimbe, au maji yaliyozidi ubongoni. Familia inayosema "ni uzee tu" huenda ikamnyima mzazi tiba iliyopo.

Kuhusu Alzheimer yenyewe, Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa ya lecanemab mnamo 2023 na donanemab mnamo 2024. Dawa hizo hupunguza tu kasi ya ugonjwa, tena zinapotolewa mapema, na sharti amiloidi ithibitishwe kwanza.

Kinga nayo haihitaji mashine ya mamilioni. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya 2024 ilikadiria kuwa takriban asilimia 45 ya visa vya maradhi ya kusahau duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara na kutosikia vizuri, mambo ambayo mkazi wa Baba Dogo anaweza kuanza kuyashughulikia katika kliniki iliyo karibu naye.