Raba za Idd: Uzuri wa Jicho na Raha ya Unyayo

Baada ya darsa la akina mama wiki iliyopita, mzazi mmoja alitueleza dukuduku lake. Mwanawe wa miaka 15 ameomba raba za mpira wa kikapu za mtindo wa zamani avae siku ya Idd, na bei yake inakaribia ada yake ya madrasa ya miezi mitatu. "Sheikh, nimnunulie au nimkatalie?"

Uzuri wa raba hizo hatuukanushi. Converse All Star ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1917. Adidas Superstar ikaja 1969, Nike Air Force 1 mwaka 1982, na Air Jordan 1 mwaka 1985. Zote zilishonwa kwa ajili ya wachezaji; leo wengi huzivaa kwa pambo tu. Dini yetu haimkatazi kijana kupenda kiatu kizuri. Inachokataza ni israfu na majivuno.

Ama raha, hapo ndipo penye kupimwa. Converse ni turubai juu ya soli nyembamba. Ni nyepesi katika joto letu la Pwani, lakini atembeaye masafa marefu huumwa na nyayo. Air Force 1 ina mfuko wa hewa ndani ya soli unaopunguza kishindo, ila ni nzito. Air Jordan 1 ya shingo ndefu hushika kifundo cha mguu vyema, lakini kamba zake humchelewesha mtu mlangoni mwa msikiti. Na anunuaye mtumba atahadhari: sponji na gundi huzeeka hata kiatu kisipovaliwa. Akikunje, abonyeze kisigino, kikimeguka, akiache.

Basi tulimshauri hivi. Mtaje mwanao kiasi ulichokitenga kabla hamjatoka nyumbani. Nendeni jioni, kwa kuwa mguu hutanuka kidogo mchana kutwa. Avae jozi nzima pamoja na soksi, atembee, kisha aulizwe unyayo wasemaje, si rafiki zake. Bei ikizidi, aongeze kwa akiba yake au achague nyingine. Na ikiwa nduguze watakosa nguo ya Idd kwa ajili ya jozi moja, jibu ni la.

Mama akasema, "Atanuna." Naam, huenda akanuna. Lakini aelezwe kwa upole kwamba kilichokataliwa ni bei, si yeye wala uzuri aupendao. Mtoto aliyeshirikishwa katika hesabu ya nyumba hujifunza jambo litakalomfaa hata raba hizo zitakapochakaa.

Wallahu a'lam.