Ndege Mwenye Kutaga Wakati wa Theluji

Ndege wengi wa Ulaya wanangojea joto ndipo watage. Lakini kuko mmoja mdogo, mwenye uzito wa gramu 40 hivi, ambaye mwezi wa pili tayari analalia mayai, theluji ikiwa juu ya matawi. Kwa Kifaransa anaitwa bec-croisé, juu ncha za mdomo wake zinapishana. Wakristo wa zamani kule walisimulia kwamba mdomo ulipindika alipojaribu kung’oa misumari ya Yesu msalabani. Hiyo ni hadithi tu, haimo katika Biblia.

Mdomo ule ni chombo cha kazi. Unapanua magamba ya tunda kavu la sapini, na ulimi unatoa mbegu. Mbegu zikiwa nyingi mwisho wa baridi, anazaa, hata watoto anawalisha mbegu zilizolainishwa kooni. Kumbe chakula ndicho kalenda yake!

Pahali pamoja pa kumwangalia ni Kielder, kaskazini ya Uingereza. Msitu ule ulianza kupandwa mwaka 1926. Vita vya 1914-1918 vilikuwa vimeonyesha hatari ya kukosa mbao, sana sana miti ya kushikilia mashimo ya migodi ya makaa. Sisi watu wa migodi tunaelewa jambo hilo.

Namna gani kujua kama ana kiota? Kiko juu sana, kimefichwa. Mara nyingi hutakiona. Angalia dalili. Dume mwekundu anaimba kwenye ncha ya muti. Wawili wanajitenga na kundi. Jike, mwenye rangi ya kijani, anabeba vijiti mdomoni. Halafu jike anapotea, na dume anarudia muti ule ule mara kwa mara. Kwangu hii ndiyo dalili yenye nguvu: anamlisha jike, mwenye kulalia mayai matatu ao mane kwa wiki mbili hivi.

Hapo usikaribie, na vijana, musipande muti! Jike akikimbia, baridi itaua mayai. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kumsumbua kiotani. Na miti ile ilipandwa ili ikatwe, kwa hiyo wakataji nao wanapaswa kuchunguza kabla ya kuwasha mashine. Simama mbali, andika ni muti gani na saa gani.

Baada ya wiki tano ao sita, pengine utaona ndege wadogo wenye michirizi wakifuata wazazi, wakilia chakula. Midomo yao ingali imenyooka, inapishana baadaye.