Zabuni Ikifutwa, Anayelipa ni Nani?

Tangazo la kufutwa kwa zabuni likitoka, mtaani kesi huwa imekwisha kuamuliwa: kuna mkubwa ambaye mtu wake alikosa. Hukumu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2006, Tanzania ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, shirika la umeme TANESCO lilitangaza zabuni ya mitambo ya dharura na likaona hakuna mzabuni aliyekidhi masharti. Wizara ya Nishati na Madini ikaingilia kati, na kazi ikaishia mikononi mwa Richmond, kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge ilikuja kubaini kwamba haikuwa na uwezo wa kuifanya. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Tangu hapo zabuni iliyofutwa hunukia wizi hata pale ambapo hapana mwizi. Lakini Richmond imetufundisha kutazama sehemu moja tu, yaani siku ya kufuta na mkono uliofuta. Mtu akiufuata ukanda wa dhahabu, kutoka Shinyanga mjini kupitia Kahama na Kakola hadi Geita, ataona kwamba kosa linaloiua zabuni mara nyingi limeshafanyika miezi mingi kabla ya tangazo lenyewe, mezani kwa anayekadiria gharama. Aliyekosea hapo halipi chochote. Wanaolipa ni wengine.

Tuanze na sheria, maana haina siri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, iliyotumika hadi ilipokuja ile ya 2023, iliiruhusu taasisi nunuzi kuzikataa zabuni zote kabla haijakubali yoyote, na ikataja sababu, zikiwemo kukosekana kwa ushindani wa kweli, kubadilika kwa takwimu za kiufundi au za kiuchumi za mradi, bei zote kuzidi bajeti, kasoro kubwa zinazovuruga soko, au fedha zilizotengwa kuzuiwa au kutofika. Ukizisoma taratibu utaona zimechanganya mambo ya aina mbili. Kasoro za soko na ukosefu wa ushindani ni mambo yanayotoka kwa wazabuni. Bajeti isiyotosha, takwimu zilizobadilika na fedha zisizofika ni mambo ya nyumbani kwa mnunuzi mwenyewe. Hata hivyo, mlango wa kutokea ni mmoja. Halmashauri iliyonusa njama ya wakandarasi na halmashauri iliyotangaza kazi bila hela hutoka na karatasi inayofanana.

Sasa tazama kazi ya kawaida kabisa, zahanati ya kijiji katika Halmashauri ya Msalala au Wilaya ya Geita. Mhandisi huandaa makadirio wakati bajeti ya halmashauri inapikwa, miezi ya mwanzo ya mwaka. Baraza la madiwani linapitisha, Bunge linamaliza Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Fedha zenyewe huja zinapokuja. Kati ya makadirio na ufunguzi wa zabuni inaweza kupita nusu mwaka au zaidi, na katika ukanda huu nusu mwaka ni muda mrefu. Tipa inayobeba kokoto za zahanati ndiyo inayobeba mawe ya dhahabu. Kijiko cha kuchimba msingi kinagombewa na wenye maduara. Rashi, yaani mkurupuko wa wachimbaji kufuata dhahabu mpya, ikilipuka upande wa Nyarugusu au Lwamgasa, vibarua wanahama, na fundi anayebaki anajua thamani yake. Machi 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 3,000 kwa wakia. Bei ikipanda hivyo, kukodi mtambo Geita hakuwezi kubaki pale makadirio yalipokuacha. Wazabuni wanaandika bei ya siku hiyo, halmashauri inalinganisha na karatasi ya Februari, wote wanaonekana walafi. Zabuni inafutwa kwa sababu halali kisheria, kwamba bei zote zimezidi bajeti.

Kinachofuata ni hesabu ya muda, na hapo ndipo uchungu ulipo. Kutangaza upya, kufungua, kufanya tathmini, kupeleka bodi ya zabuni, kutoa kusudio la kumpa mtu kazi na kusubiri malalamiko, yote hayo ni miezi. Zabuni ya barabara ya udongo iliyofutwa Septemba inarudi sokoni mvua zikiwa zimeanza, na aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga za Kishapu hahitaji kuelezwa greda litafanya nini Januari. Kazi inasukumwa hadi kiangazi, kiangazi kinagongana na Juni 30, na fedha ambayo haikutumika iko hatarini kurudi Hazina. Mkandarasi mdogo naye ameshalipa benki kwa dhamana ya zabuni pale ilipotakiwa, amelipa mafuta ya kwenda kuona eneo la kazi, amemlipa mkadiriaji wake. Kampuni kubwa humeza hasara hiyo na kuifidia kwenye kazi ijayo. Kikundi cha vijana au wanawake kilichoambiwa kwamba asilimia 30 ya ununuzi imetengwa kwa ajili ya makundi maalumu hakina kazi ijayo ya kufidia. Kikichoka, kinaacha kuomba, na zabuni inayofuata inakosa ushindani, ambayo nayo ni sababu nyingine ya kufuta.

Kuna hasara moja zaidi ambayo haizungumzwi sana. Zabuni zikishafunguliwa, bei za wote zinajulikana. Ukifuta baada ya hapo na kutangaza kazi ileile, aliyekuwa wa chini ameshavuliwa nguo: wenzake wanajua ameshuka hadi wapi na wao wamkate wapi. Mzabuni mwerevu atajifunza kuficha bei yake halisi raundi ya kwanza. Kwa hiyo si sawa kuhesabu ufutaji wa kabla ya kufungua na wa baada ya kufungua kama kitu kimoja. Wa kwanza ni usumbufu, wa pili unaharibu mchezo wenyewe.

Watetezi wa uhuru wa kufuta wana hoja nzito. Afisa masuuli asiyeweza kufuta atalazimika kusaini mkataba mbaya, na mkataba mbaya ni ghali kuliko zabuni iliyokufa. Hilo ni kweli. Laiti tungekuwa na mikataba mingi zaidi iliyokataliwa kabla ya wino kukauka. Ila uhuru wa kufuta ni jambo moja, na kufuta bila kuulizwa ni lingine. Sheria ya mfano ya UNCITRAL, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia sheria za biashara, ilisema mwaka 1994 kwamba mnunuzi ataje sababu akiombwa, lakini halazimiki kuithibitisha, na uamuzi wa kukataa zabuni zote haukuweza hata kupingwa kwenye mapitio. Toleo la 2011 liligeuka: kinga dhidi ya madai inaondoka pale ufutaji unapotokana na uzembe au ucheleweshaji wa mnunuzi mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitetea hapa. Kasoro ya soko isamehewe. Makadirio yaliyooza yasisamehewe kirahisi.

Wengine watasema hilo litafungulia kesi nyingi, na watatuonyesha Kenya. Huko kifungu cha 63 cha sheria ya ununuzi ya 2015 kinamtaka anayesitisha zabuni kuripoti kwa mamlaka ya udhibiti ndani ya siku 14 na kuwaeleza wazabuni sababu ndani ya muda huohuo, na bodi ya mapitio inaweza kupima kama sababu hiyo ni ya kweli. Ndiyo, kesi zipo, na baadhi huchelewesha kazi. Lakini sababu inayojulikana kwamba itapimwa huandikwa kwa uangalifu, na mhandisi anayejua kwamba makadirio yake yatasomwa na watu wa nje atapiga simu Kahama kuuliza bei ya nondo kabla ya kutangaza.

Na NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza 2023? Umesaidia: nyayo zinabaki, na kufuta kimyakimya kumekuwa kugumu. Lakini mfumo hauzai fedha ambayo haijafika, wala haurekebishi bei ya kokoto iliyoandikwa kabla ya rashi. Vivyo hivyo fedha za migodi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mgodi hukubaliana na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Makubaliano hayo yanaongeza pesa mezani Geita na Msalala, lakini mezani hapohapo bado kuna karatasi ya makadirio, na ikiwa imechakaa, pesa ya mgodi nayo itasubiri.

Diwani anayetaka kujua kwa nini zahanati ya kata yake haijaanza asianze kwa kutafuta jina la aliyefuta zabuni. Aombe makadirio ya mhandisi, aangalie tarehe iliyoandikwa juu yake, kisha aulize siku ile fedha zilikuwa wapi.