Kuhama kwa Soko na Amana za Watu

Yajulikana ya kuwa mtu anapohama nyumba huhamisha kitanda, masanduku na vyombo vya jikoni. Na akisahau sufuria, hurudi kesho yake kuichukua. Lakini watu wengi wakihama kwa pamoja, kama wenye soko, wana kitu kingine cha kuhamisha ambacho hakipakiwi juu ya mkokoteni wala hakifungwi kwa kamba. Kitu hicho ni kule kujuana kwao: nani akaa wapi, nani amdai nani, nani ni mwaminifu wa kukopeshwa, na nani humshikia mwenziwe meza anapougua. Kikipotea hicho, hapana jengo jipya, hata likiwa zuri namna gani, liwezalo kukirudisha.

Katika makala hii twataka kuliangalia jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi, nao ni soko la Kariakoo hapa Dar es Salaam. Tumeona lina faida kwa kila nyumba, kwani ni nyumba chache katika mji huu ambazo hazijapata kupika kitu kilichopita Kariakoo.

JINA LENYEWE NI FUNDISHO

Wasomaji wetu vijana huenda hawajui asili ya jina hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wachukuzi Waafrika waliobeba vyakula, risasi na majeruhi katika njia zisizopitika kwa magari. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nacho kikawekwa mahali hapo. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo, na soko lilipoanza kufanya kazi hapo katika miaka ya 1920 likalirithi.

Basi soko letu limebeba jina la watu waliohamishwa. Maelfu kwa maelfu ya wachukuzi hao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na baada ya vita ikadhihirika ya kuwa wengi wa waliokufa mishahara yao haikuwafikia warithi, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa sawasawa, au makwao hakukujulikana. Fedha ilikuwako, na haki ilikuwako. Kilichokosekana ni jina lililoandikwa vizuri katika daftari. Twaomba msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia.

MOTO WA MWAKA 1442

Jengo kubwa la soko tulijualo lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika nchi hizi kushika kazi ya uchoraji wa majengo. Mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mwaka 1975 jengo likafunguliwa na Rais Julius Nyerere. Paa zake za zege zimesimama kama miavuli iliyofunguliwa, na chini yake mna sehemu ya ardhini ambayo watu huiita shimoni. Hapo palikuwa na mboga na matunda, nafaka na viungo, mbegu na dawa za mashamba. Na pembeni, katika mitaa ya Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Swahili na Tandamti, maduka yakawa yakiuza kila kitu kwa wateja watokao hata Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Ngazija.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, mfungo tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, ukiwa karibu kuingia, soko liliwaka moto. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na baadaye ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 ili jengo la zamani litengenezwe na jipya la ghorofa lijengwe ubavuni mwake. Wafanya biashara wakapelekwa kwingine kwa muda: wako waliokwenda Kisutu, na wako waliokwenda Machinga Complex, upande wa Karume.

Kwa macho ya mpita njia, jambo lilikuwa limekwisha tengenezwa: aliyekuwa na meza hapa amepewa meza kule. Lakini mwenye meza alijua ya kuwa hakuipoteza mbao. Aliwapoteza majirani wawili waliomwazima chenji, mchukuzi aliyejua mzigo wake bila kuulizwa, na mama aliyekuja kila Ijumaa kununua iliki na mdalasini. Mama huyo alizoea kufuata njia ile ile kwa miguu. Alipokuta geti limefungwa alinunua kwa mtu mwingine, na mwezi wa pili akawa mteja wa huyo mwingine.

Wala jambo hili si geni katika mji wetu. Jengo hilo la Machinga Complex lilikamilika kiasi ya mwaka 2010 ili liwapokee wachuuzi wa barabarani. Lilikuwa na ghorofa na vizimba, lakini wengi walioingia walitoka wakarudi njiani, kwa sababu wateja hawakupanda ngazi kuwafuata. Na Oktoba 2021, wachuuzi walipoondolewa katika barabara za Dar es Salaam na kupangiwa mahali pengine, malalamiko makubwa yalikuwa ni hayo hayo. Kupewa mahali si sawa na kupewa soko, kwani soko ni watu.

MAJINA YALIPOBANDIKWA

Mwezi wa Julai 2024, ujenzi ulipokaribia kwisha, majina ya wafanya biashara waliokubaliwa kurudi yalitangazwa. Hapo palizuka manung'uniko. Wako waliosema walikuwamo sokoni kabla ya moto, na majina yao hawakuyaona. Sisi hatukukaa katika kiti cha kadhi, wala hatutaki kuhukumu nani alisema kweli na nani alitaka kujipenyeza. Tunalotaka kulionyesha ni hili: mzozo ule haukuwa juu ya zege wala mabati. Ulikuwa juu ya daftari.

Na daftari la soko lina ugumu wake. Mtu mmoja huandikwa meza kwa jina lake, lakini anayeuza ni mpwawe. Mwingine amepangishwa na aliyepangishwa. Mwingine amefariki, na mjane wake ameendelea bila kubadilisha karatasi. Siku za salama watu hawa wote huishi kwa kujuana, na hapana aulizaye. Siku ya kuhama kujuana hakutoshi, huulizwa karatasi. Hapo ndipo mjane na yatima hupata khasara, nao ndio wasio na mtu wa kuwasemea.

KANUNI YA WAHAMISHAO MAANDISHI

Siku hizi daftari nyingi zimo ndani ya kompyuta, nazo pia huhamishwa. Maandishi ya watu wengi hukaa katika kompyuta kubwa ambayo mafundi huiita seva; nayo ikichakaa au ikijaa, yote yaliyomo hupelekwa katika nyingine. Mafundi wa kazi hiyo wana kanuni ambazo twaona zingewafaa hata wenye masoko.

Kwanza, hawagusi kitu kabla ya kutoa nakala kamili na kuiweka mahali pa mbali, ili nyumba ikiungua nakala isiungue pamoja nayo. Pili, huwatangazia watu siku na saa, kisha husimamisha uandikaji kwa muda. Kwani kitakachoandikwa katika nyumba ya zamani baada ya nakala kutolewa hakitaonekana katika nyumba mpya. Tatu, huhesabu: vilitoka vingapi, vimefika vingapi, na hivyo vilivyofika ni vile vile au vimeharibika njiani? Nne, hubadilisha anwani ili kila atafutaye jina la zamani aongozwe mahali papya. Na khabari hiyo huweza kuchukua saa nyingi, hata siku moja au mbili, kuenea kote. Tano, nyumba ya zamani hawaibomoi mara moja. Huiacha ikae mpaka wahakikishe ya kuwa hapana aliyesahauliwa ndani yake.

Yapime haya kwa soko. Nakala ni orodha ya watu iliyowekwa mahali zaidi ya pamoja. Kuhesabu ni kuyasoma majina mbele ya watu wenyewe, kabla ya kuhama wala si baada ya miaka mitatu. Anwani ni kibao mlangoni kisemacho fulani amehamia meza fulani, Kisutu. Kibao hicho gharama yake ni ndogo mno, na huenda kikaiokoa riziki ya nyumba nzima.

AMANA KABLA YA SAFARI

Sisi Waislamu kuhama si jambo geni kwetu. Miaka yetu yenyewe twaihesabu tangu Hijra. Na katika khabari za Hijra mna jambo ambalo watoto wetu wa chuoni hulisoma upesi wakalipita. Bwana Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka usiku, huku makafiri wakitaka kumwua, alikuwa na amana za watu walizoziweka kwake, na miongoni mwa watu hao wamo waliompinga. Hakuondoka na vitu vyao, wala hakuviacha ovyo. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) amrudishie kila mtu chake, kisha ndipo amfuate. Basi hata katika safari ya hatari namna hiyo, hesabu za watu zilikamilishwa.

Na walipofika Madina, Mtume aliwaunga udugu wahamiaji na wenyeji, mtu kwa mtu. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi; akaenda akauza jibini na samli, akasimama kwa miguu yake. Tazama ya kuwa mhamiaji hakuhitaji mali tu. Alihitaji mwenyeji wa kumwonyesha njia. Laiti kila mfanya biashara aliyehamishwa angepokewa na mmoja aliyekuwako, basi kuhama kungekuwa kwepesi.

NENO KWA VIJANA NA WENYE NYUMBA

Huenda msomaji akasema, Mimi sina meza Kariakoo, haya yanihusu nini? Yakuhusu. Chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wako, mchango wa msikiti, ada za watoto wa madrasa, zamu ya mchezo wa akina mama: haya yote yana daftari, na mara nyingi daftari hilo limo ndani ya simu ya mtu mmoja. Simu ikianguka majini, au mtu huyo akifikwa na ajali yake, nani atajua fulani amelipa na fulani hakulipa? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuamrisha hayo kwa kuwa waumini ni waongo. Mtu husahau, na mtu hufa.

Basi kijana ujuaye kutumia kompyuta, kaa na mzee mshika fedha wa mtaa wako jioni moja. Toa nakala, moja ya karatasi na moja ya mashine, uziweke nyumba mbalimbali. Soma majina mbele ya wenyewe, na asiyejua kusoma asomewe. Ukiona jina la marehemu, uliza mjane wake ni nani na liandikwe jina lake. Kazi hii haina sifa wala picha za magazeti, lakini siku ya kuhama itakapofika, iwe kwa moto, kwa mafuriko au kwa amri ya Serikali, ndiyo itakayoamua nani anarudi mahali pake na nani anabaki nje ya geti.

Wachukuzi waliotupa jina la Kariakoo hawakuwa na wa kuwafanyia hayo. Sisi tunaye, naye ni kila mmoja wetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitimiza amana kwa wenyewe. Amin.